Matusi ya Chale

Ng'ombe aliyemtoboa Mheshimiwa Donati Chilongani alikuwa wa zawadi. Wananchi walichanga wakanunua dume la nundu, wakalivisha taji la maua ya karatasi, wakamkabidhi mbele ya kamera kumshukuru kwa kuutetea Undugu wa Chale dhidi ya watu wa maabara. Mheshimiwa akalipigapiga begani, namna anavyowapigapiga wananchi wenyewe, huku akiendelea kuhutubia. Dume halikuwa na uvumilivu wa wananchi. Lilimchota ubavuni, likamwangusha, likamrudia, na lilipoondolewa, taji lilikuwa bado kichwani, limelowa damu.

Dkt. Sechelela Mwaluko alizipata habari hizo akiwa maabara kwake, katika hospitali ya Mpwapwa, mkono mmoja umeshika chupa ya seli na mwingine simu. Jambo la kwanza alilofanya ni kucheka. Alicheka kwa raha zake mpaka akalazimika kuiweka chupa mezani isije ikamponyoka. Kisha macho yakamwangukia kifundo cha mkono wa kushoto, penye mistari miwili midogo ya chale, na kicheko kikamkauka.

Simu ilikuwa bado inaongea. "Dokta, upo? Ambulansi imeshatoka. Wanamleta kwako."

"Watampeleka kwa nani mwingine," akasema, akaikata.

Maana hapakuwa na mwingine. Katika nchi nzima, damu iliyoweza kuingia mwilini mwa Donati Chilongani bila kumuua ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inazunguka ndani ya Sechelela, bila hiari yake, tangu alipokuwa na umri wa miaka saba.

Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba zamani, kabla ya homa ya ukaidi, mtu akiumia aliwekewa damu ya mtu yeyote wa kundi lake la damu, hata mtu asiyemjua kwa jina. Sechelela alipokuwa mdogo alidhani bibi anapiga chuku. Homa ilipopita iliiachia kila kinga hasira isiyopoa. Damu ngeni ikiingia, hata ya kundi lile lile, mwili huivamia na kuipasua chembe kwa chembe, figo zinaziba, na mtu anakufa kabla hajamaliza mfuko mmoja. Na kwa kuwa kila mtoto bado huiugua akiwa mchanga, hakuna anayezaliwa akasalimika. Ndipo serikali ikakumbuka mila ya mababu ya kuchanjiana. Watoto wanapangwa wawili wawili, wa kundi moja la damu, wanachanjwa mkononi na kubadilishana matone, msimu hadi msimu, mpaka mwili wa huyu unamzoea yule. Baada ya hapo wao ni chale. Mmoja akimwagika, mwingine anaitwa, na akiitwa lazima aje.

Baraza la Chale halimuulizi mtoto anampenda nani. Sechelela alipangiwa Donati, kitoto kilichokuwa kinakula chaki za mwalimu na kumsingizia jirani. Miaka ikapita, kikakua, kikavaa suti, kikawa Mwenyekiti wa Baraza lenyewe. Akili haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni sauti.

Akiwa katika haraka ya kwenda wodini alimkuta Matilda Mbogoni kwenye benchi la korido, miguu imevimba, mikono imelishika tumbo. Matilda alikuwa mpweke, ndivyo wanavyoitwa watu ambao chale wao amekufa. Wa kwake alipigwa na radi akichunga mbuzi. Na kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Siku ya kujifungua angetoka damu nyingi, hilo halikuwa na shaka, na hapakuwa na mtu wa kuirudisha.

"Dokta, nasikia Mwenyekiti kaumia."

"Kaumia."

"Basi na kile kikao chao cha kuifunga maabara si kitaahirishwa?" Matilda aliuliza kwa aibu, kama mtu anayeulizia chakula msibani. "Simwombei mabaya. Nauliza tu."

Sechelela akamwambia asubiri, akaharakisha kwenda wodini. Naye lilikuwa limeshampitia kichwani jambo hilo hilo, tena bila aibu yoyote.

*

Matilda alikuwa anangoja wapatanishi.

Katika damu ya kila mtu kuna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutuliza ugomvi, kuiambia kinga: huyu mwache, si adui. Homa ya ukaidi huziua karibu zote. Sechelela alichukua chache zilizosalia kwenye uboho wake mwenyewe, akazilea, akazifundisha kuvumilia damu ya mtu yeyote, akazizidisha mpaka zikajaa chupa kwa chupa. Kila moja aliipachika swichi ya kufa, ili zikileta balaa mgonjwa ameze vidonge na zizimike zote. Akaziita wapatanishi. Aliamini kwamba mtu akiwekewa, kabla jua halijageuka mwili wake utapokea damu yoyote ya kundi lake, kama enzi za bibi.

Akapeleka ombi la majaribio kwa Baraza. Wajumbe walilisikiliza kwa nyuso za watu wanaosubiri chai. Kisha Donati akasimama. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja, na alijivunia hilo. Akasema huo ni uchawi wa chupa. Akasema siku mtu atakapoweza kupata damu popote, nani atamjali ndugu yake? Akaweka kiganja juu ya chale zake na kuapa kwamba yeye yuko tayari kufa kuliko seli moja ya chupa kuingia mwilini mwake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sechelela alikuwa amekaa mstari wa nyuma, akiangalia namna watu wazima wanavyoweza kufurahia kunyimwa dawa.

Siku hiyo hiyo walipitisha na sheria nyingine aliyoileta Donati: damu ya chale ni marufuku kuchujwa. Hospitali zilikuwa na chujio dogo la plastiki la kuondoa seli nyeupe kwenye damu inayotolewa, kwa usalama wa anayepokea. Donati alisema kumchuja ndugu ni kumdharau. Makofi tena.

Aliporudi Mpwapwa, Sechelela alifunga mlango wa maabara akajiwekea wapatanishi mwenyewe. Baadaye akajiwekea mfuko wa damu ya mtu mwingine, kutoka kwenye jokofu la utafiti, akakaa kitini kusubiri kufa. Hakuumwa hata kichwa. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mtu anayejifanyia majaribio bila kibali hunyang'anywa leseni. Nao wapatanishi hawakuondoka. Walikaa, wakazaana, wakawa wenyeji.

*

Donati alikuwa mweupe kwa namna ambayo watu weusi huwa weupe, rangi ya majivu ya mkaa. Suti ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Bila suti hakuwa na ukubwa wowote.

"Wengu umepasuka," alisema daktari wa upasuaji, Dkt. Mhina, mtu wa maneno machache. "Nikimfungua sasa hivi hafiki. Atiwe damu kwanza, kisha nifungue, kisha atiwe tena. Utahitajika sana."

"Nina damu ya mtu mmoja, Mhina."

"Najua. Haitatosha." Akaenda kunawa.

Sechelela alisimama mbele ya kabati. Machujio yalikuwa yamo, ya zamani, ndani ya nailoni zake. Akayatazama, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mjumbe wa Baraza. Akiweka chujio, wapatanishi wangebaki upande wake, Donati angepata damu safi isiyovunja kiapo chake, isiyotosha, na angekufa mezani na heshima zake zote. Kikao kingekosa mwenyekiti na maabara ingepona. Na hapana mtu ambaye angemlaumu daktari aliyejikamua mpaka akaanguka. Asipoweka chujio, seli alizoapa kutozipokea zingemwingia zote. Akishazipokea, damu ya kwenye jokofu la utafiti ingemfaa, na mpumbavu huyu angeishi ili arudi kuwaua akina Matilda kwa hotuba.

Alimdharau kutoka moyoni. Na dharau hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi, kwa kuwa iliweza kuzitetea njia zote mbili. Ilimwambia mwache afe, ameyataka. Ilimwambia pia mwekee, uone atakavyoishi na uchawi wa chupa mishipani mwake, utamcheka mpaka uzeeni. Hakuona popote pale sababu ambayo angeweza kumwambia mama yake Donati usoni.

"Dokta," aliita Sista Agripina, muuguzi wa zamu, mpira wa kupitishia damu mkononi. "Tunaanza au hatuanzi?"

Sechelela akafunga kabati. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akakaa kwenye kiti karibu na kitanda, akanyoosha mkono, akachomwa. Mfuko wa kwanza ulipojaa ukapanda juu ya mlingoti, ukaanza kushuka kwa Donati, na wa pili ukaanza kujaa.

"Haya," Sista akasema, macho kwenye uso wa mgonjwa. "Mtukane mtu wako."

Hiyo ndiyo desturi. Manesi wa miaka ile ya mwanzo waligundua kwamba mwili ukitaka kukataa huanza katika dakika za kwanza: baridi, maumivu ya kiuno, hofu isiyo na sababu. Lakini wagonjwa walikuwa wanauma meno na kunyamaza ili wasimwaibishe ndugu anayewapa damu. Ndipo manesi wakaazima utani wa misibani. Anayetoa humtukana anayepokea, mfululizo, bila huruma. Anayepokea haruhusiwi kujibu wala kununa, anatakiwa acheke. Asiyecheka, mpira unafungwa. Na lililosemwa damu ikitembea halifiki popote, si kwa mke wala mahakamani.

"We Donati."

Kope zikafunguka kidogo.

"Mjinga wewe. Umeongea mpaka watu wanazima redio, leo kapatikana mmoja wa kukukatisha, na ana kwato."

Kona ya mdomo ikacheza. Sista akatikisa kichwa: endelea.

"Ulikuwa unakula chaki tangu darasa la kwanza. Ndiyo maana ukifungua mdomo linatoka vumbi. Suti yako wameikata. Afadhali, ilikuwa imechoka kukutetea. Wananchi wamekupa ng'ombe, na ng'ombe kakuonyesha wananchi wanavyokuona."

Donati alicheka kwa pumzi, kifua kikaruka. Hakutetemeka. Damu ilikuwa inashuka vizuri, na Sechelela aliitazama ikishuka, nyekundu, ya kawaida, isiyosema imebeba nini.

Akamwinamia.

"Na nikwambie na hili, mbumbumbu wewe. Hii damu yangu imejaa wapatanishi. Zile seli za chupa ulizoziapia. Nilijiwekea mwenyewe uliponinyima kibali. Saa hii zinakuingia moja baada ya moja, bila chujio, kwa sheria uliyoitunga kwa mdomo wako mrefu. Kama hutaki, sema. Nitaufunga mpira, ukafe na kiapo chako."

Sista Agripina aliangua kicheko. Alikuwa amesikia matusi mengi katika kazi yake, lakini hilo aliona limepita kiwango.

Donati hakucheka mara moja. Alimtazama Sechelela machoni, kwa muda ambao mtu hutumia kusoma kibao cha barabarani. Kisha kifua kikaruka tena, mara moja, na akafanya jambo ambalo wanaopokea hawafanyi: akasema neno.

"Vizuri," alinong'ona. "Umetukana vizuri."

Akapoteza fahamu, na Mhina akaanza kazi.

Jua lilikuwa limeshageuka waliposhona. Kwenye mlingoti ilikuwa imepita mifuko mingi kuliko aliyoitoa Sechelela, na iliyozidi ilitoka kwenye jokofu la utafiti, ameibeba mwenyewe kifuani chini ya koti. Sista Agripina aliitazama mifuko mitupu kwenye ndoo, akamtazama Dokta aliyesimama kwa miguu yake miwili wakati alipaswa kuwa amelala, akakumbuka alichokicheka asubuhi.

"Dokta. Yale matusi."

"Yalikuwa matusi, Sista."

"Sawa," Sista alisema, akaifunga ndoo.

*

Mwenyekiti alipona kwa kelele. Siku ya nne alikuwa ameshaketi kitandani anapokea wageni, na kila mgeni alisimuliwa dada yake wa chale alivyojikamua mpaka tone la mwisho. Dume lilikuwa limekua; katika simulizi lilikuwa sasa na ukubwa wa lori. Wajumbe wa Baraza walikuja na matunda, wakasimama kwa mstari, wakacheka pale alipocheka.

Sechelela alingoja waondoke, akaingia, akafunga mlango.

"Chale!" Donati akafungua mikono. "Jumamosi tunafanya shukrani hapa hapa uwanjani. Utanitukana mbele za watu, tutakula lile dume, nitahutubia kidogo—"

"Kidogo."

"—halafu Baraza litapiga kura. Usinune. Maabara itafungwa kwa heshima, utapewa kazi nyingine. Watu wameona kwa macho yao, undugu unatosha."

"Donati, siku ile ulisikia nilichokuambia?"

"Kuhusu chaki?"

"Kuhusu wapatanishi."

Akaishusha mikono. Bila sauti yake, uso wa Donati ulikuwa wa mtu mwingine, mzee kidogo na mwenye akili kidogo, na Sechelela hakupenda kukutana naye.

"Nilisikia," akasema.

"Ukadhani ni matusi?"

"Seche, nimekujua tangu una meno ya utotoni. Hujui kutukana. Ukitunga unasitasita, unatafuta neno. Pale hukusitasita."

"Kwa hiyo ulijua ni kweli."

"Nilijua nataka kuishi."

Sechelela akasogea karibu na kitanda. Alikuwa amejiandaa kwa mjinga. Huyu hakuwa mjinga, alikuwa kitu kibaya zaidi. "Na Jumamosi utasimama pale useme damu ya ndugu peke yake imekuponya. Umfungie Matilda Mbogoni mlango usoni, mama wa watu, na wewe mwenyewe umeshapita."

"Nitasema nilichosema siku zote. Ukipinga, nitasema yalikuwa matusi, na matusi ya chale hayafiki popote. Sheria unaijua." Akashika ndizi kwenye sahani, akaanza kuimenya. "Unaniangalia kwa dharau. Umeniangalia hivyo tangu utotoni, nimezoea. Lakini nikuulize na mimi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Ulinitukana. Ulingoja mpira uko mkononi, nusu nimekufa, ukanitupia swali ndani ya matusi ili nisiweze kulijibu. Ungeniuliza kabla hujachoma sindano, kwa heshima, kama unavyomuuliza mgonjwa mwingine yeyote, ningekujibu. Hukutaka jibu langu. Uliona mtu kama mimi hana jibu."

Alikula ndizi yake. Mtu duni kuliko wote Sechelela aliowahi kuwafahamu alikuwa amemwambia ukweli huku anatafuna, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Yeye, daktari, aliyewacheka wajumbe kwa kuamua maisha ya watu bila kuwauliza, alikuwa ameamua maisha ya mtu bila kumuuliza, kisha akajificha kwenye mila ile ile aliyoidharau.

"Jumamosi," Donati akasema. "Njoo na matusi mazuri."

*

Jumamosi uwanja wa hospitali ulijaa. Mahema, vipaza sauti, harufu ya nyama. Taji la maua ya karatasi lilikuwa limepanguswa na kutundikwa juu ya jukwaa, kwa kuwa watu wa Baraza hawana haya. Wajumbe walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Matilda alikuwa pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa wodi ya wazazi, Sista Agripina kando yake.

Donati alihutubia kidogo, kwa maana yake ya neno hilo. Alisema watu wa chupa wanataka kutufanya wapweke sote. Alisema yeye ni ushahidi unaotembea. Watu walishangilia. Kisha akageuka na tabasamu, akanyoosha kipaza sauti. "Sasa mwacheni dada yangu anitukane. Anistahi, bado nina nyuzi."

Kicheko kikapita uwanja mzima. Hii ndiyo sehemu waliyoijia, maana kwenye shukrani matusi yana kinga ile ile kama kitandani. Watu wakasogea mbele, watoto wakapandishwa mabegani.

Sechelela akapanda. Alikuwa amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi, na kitambulisho chake kifuani. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chale, Donati Chilongani," akasema. "Habari za asubuhi."

Wachache walicheka, wakidhani ni mwanzo wa utani. Yeye akangoja. Kicheko kikafa chenyewe. Mtu haamkii chale wake kwa cheo siku ya shukrani. Ni kama kumfukuza nyumbani. Na neno lisilo la tusi halina kinga. Linafika popote, mpaka mahakamani, na kila mzee uwanjani pale alilijua hilo. Tabasamu la Donati lilibaki usoni kwa kuwa hakuwa na pa kulipeleka.

"Mheshimiwa, nasema na wewe kwa heshima zote, na ninaomba radhi mbele ya hawa. Siku ulipoletwa, damu yangu ilikuwa na wapatanishi, zile seli za chupa. Nilijiwekea mwenyewe bila kibali. Nilizipitisha kwako nikijua umeapa kutozipokea. Nilikuambia, lakini nilikuambia ndani ya matusi, na hilo si kumuuliza mtu. Halafu nikakuwekea damu ya watu wengine watano usiowajua, na mwili wako ukawapokea wote. Ndiyo maana uko hai. Kosa ni langu, na leseni yangu wenye kuichukua watakuja kuichukua."

Kwenye viti vya mbele mjumbe mmoja alianza kusimama, akaona hakuna aliyesimama naye, akakaa.

"Sasa nakuuliza nilichopaswa kukuuliza siku ile. Seli hizo zina swichi. Ukingoja miezi michache, ile damu ngeni itakuwa imekwisha yenyewe mwilini mwako. Hapo nitakupa vidonge, na seli zitakufa zote, bila maumivu wala hatari. Utarudi kama ulivyokuwa siku unaapa. Damu yangu mimi peke yangu ndiyo itakufaa, na nikiitwa nitakuja, popote, mpaka nife. Naliahidi hilo mbele ya watu." Akamsogezea kipaza sauti. "Unataka nizitoe, Mheshimiwa, au niziache?"

Donati alitazama watu wake. Alikuwa mtu asiyekosa neno. Angeweza kuhutubia kwenye jeneza. Sasa uwanja ukamngojea kwa utii aliowafundisha mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikilia kifundo cha kushoto, umefunika chale. Sechelela alimwona anapiga hesabu, ile ile aliyoipiga yeye mbele ya kabati. Alimwona akifikiria ajali za barabarani, ng'ombe, uzee, na mtu mmoja tu duniani wa kumtegemea, mtu anayemdharau.

Alijua anachokwenda kusema. Kwa hilo hakuona ushindi wowote. Alijiona tu amesimama jukwaani na mgonjwa anayeogopa.

"Ziache," Donati akasema.

Alilisema chini, kama mtu anayeomba maji, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja kwenye hema la kushoto alisema, "Kasemaje?" na mumewe akamwambia, na wa nyuma yao wakaambiwa, likasafiri hivyo mpaka kwenye masufuria ya nyama. Wajumbe wa Baraza walikuwa wanatazama viatu vyao. Walikuja kupiga kura, na hakuna aliyeona jinsi ya kunyanyua mkono.

Sechelela akavua kitambulisho, akakiweka mezani mbele ya Mwenyekiti, akashuka. Watu walimpisha bila kumgusa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, akavuta kiti, akakaa ili asimwangalie Matilda kutoka juu.

"Mama," akasema, "mimi si daktari tena, au baada ya leo sitakuwa. Kama wewe utataka, Sista na Dkt. Mhina wataifanya kazi hii, nami nitawaelekeza. Lakini kwanza naomba nikueleze ni seli za nani, zinafanya nini, na kitu gani sikijui. Halafu nikuulize unataka au hutaki. Una nafasi?"

Matilda alilishika tumbo, akamtazama Sista, kisha akamrudia.

"Nina nafasi," akasema. "Nieleze."